Mgonjwa Hafukuzwi

Morogoro Mjini
12 Februari 2024

Mzee wangu Lukasi,

Shikamoo. Usishtuke kukuta barua ndani ya mfuko wa dawa. Ni mimi, Daktari Hidaya, yule mfupi mwenye hijabu ya kijani uliyemwambia Alhamisi kuwa anafanana na mtoto wa sekondari. Nilijifanya sikusikia, lakini nilisikia.

Mimi ni daktari wa familia. Maana yake sitibu presha peke yake, namtibu mwenye presha, pamoja na nyumba anayolala, chakula anachokula na mawazo anayoamka nayo. Sasa siku ya kliniki watu wanajaa mpaka barazani, na kila mmoja nampa dakika sita. Dakika sita kwa Mluguru hazitoshi hata salamu. Huko kwenu juu ya Nyandira mtandao ni wa kubahatisha, na namba ya simu uliyoniandikia ni ya shemeji yako. Kwa hiyo nimeanza utaratibu wangu: wagonjwa wa mlimani nawaandikia barua, nao wananijibu kupitia yule mama wa karoti anayepita hapa kila Jumatatu akielekea sokoni. Wenzangu wananicheka. Waache wacheke.

Presha yako ilikuwa 186 kwa 112. Zahanati ya kwenu imeandika kwamba unameza dawa tangu Novemba, na bado iko juu. Nimekuongezea kidonge cha pili. Lakini nataka kukujua zaidi ya namba. Ninayo maswali ishirini ambayo huwa nawauliza watu wote, nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Unaishi na nani? Unapata usingizi? Chumvi unatia kiasi gani? Tangu mkeo, mama Yuliana, afariki, jioni unaongea na nani? Nijibu kama unavyoongea. Barua zako nazisoma peke yangu.

Mimi mwanao,
Dkt. Hidaya


Mlimani
25 Februari 2024

Daktari mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimekaa kizingitini, nikaisoma tena nimesimama. Tangu niache ukatekista hakuna mtu aliyewahi kuniandikia, isipokuwa ofisi ya kata, nao walitaka kujua habari za choo.

Haya, nakujibu. Naishi peke yangu. Yuliana alinitoka Agosti mwaka jana, tumbo, wiki mbili tu. Mtoto hatukujaliwa. Usingizi ninao, nalala kama gogo. Chumvi ni kidogo, maana mpishi ni mimi mwenyewe na sijui kupika. Jioni naongea na Yuliana. Yuko hatua kumi na mbili kutoka jikoni, chini ya mti wa peasi. Nampa habari za karoti, na nani kaipoteza sauti ya kwaya Jumapili. Usije ukaandika kwenye faili kwamba nina wazimu. Yeye hajibu, nami sisubiri jibu.

Umeuliza kazi. Nilikuja mlima huu na miaka ishirini na saba, na jembe moja. Ukitokea barabarani utaona shamba limekaa kama ngazi, matuta kumi na tisa yanapanda mpaka kwenye migomba. Yote nimeyachimba mimi, Yuliana akipanga mawe. Udongo wa huku ukiuacha mwaka mmoja tu bila kuushika, masika yanaupeleka wote kwa jirani. Mtu asikudanganye kwamba karoti inapenda mvua. Karoti inapenda mtu.

Dawa nameza kama ulivyoagiza, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Labda mwili wangu ni mbishi. Shemeji Agustino, kaka wa marehemu, anakusalimu. Ndiye anayenisindikiza kliniki, na kadi yangu anaisoma kwa makini kuliko mimi.

Ni mimi,
Lukasi


Mlimani
25 Februari 2024

Mdogo wangu Felista,

Hujambo huko Dakawa? Mpunga umefikia wapi, na mumeo mgongo umemwachia?

Nimetoka kumwandikia daktari uongo mrefu sasa hivi, wino haujakauka. Mtu aliyefundisha watoto amri kumi za Mungu miaka ishirini na mbili hawezi kukaa na uongo wa namna hii bila kumwambia mtu. Nakuambia wewe. Ukae nao kimya.

Dawa simezi.

Mila unaijua, umezaliwa ndani yake. Ardhi ni ya mama. Mwanaume anahamia kwa mke, analima udongo wa ukoo wa mke, na mke akifa bila mtoto, anachukua jembe lake anarudi kwao. Sasa mimi kwetu ni wapi? Mama hayupo. Shamba letu la Kinole analima mwanao, na ni haki yake. Siku ya kumaliza tanga, Oktoba ile, wewe ulikuwa umelazwa na malaria, hukuona. Agustino alisimama mbele ya ukoo mzima kutaja siku yangu ya kuondoka. Nyumba apewe Catherine, binti wa marehemu mdogo wake Yuliana, anayetarajia kuolewa Desemba mwaka huu. Hajamaliza kusema, mimi chini, pu! Mwuguzi wa zahanati akaja na mashine, akakuta mia mbili na kumi. Agustino jasho likamtoka. Akasema, "Mgonjwa hafukuzwi. Akipona, ndipo aende kwao." Ukoo wote ukaitikia.

Novemba nikaanza dawa, nikameza kwa uaminifu. Wiki tatu tu, ikashuka mpaka mia na arobaini. Mwuguzi yule, mdomo wake hauna mlango, akapiga kelele mbele ya Agustino: "Mzee Lukasi, unapona!" Agustino akaitazama ile kadi, akasema, "Basi tutapanga siku." Kesho yake nikaacha. Kila kidonge ninachopewa nakitia kwenye kopo la kakao la Yuliana, juu ya kabati. Limefika nusu.

Nikipona nafukuzwa, nisipopona nakufa. Nimeona bora nife polepole nikiwa nyumbani kwangu, maana hilo la pili angalau halina haraka.

Kaka yako,
Lukasi


Dakawa
10 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo, ingawa leo sijui kama unaistahili.

Hivi umerogwa au umejiroga mwenyewe? Unaniandikia habari ya kujiua kana kwamba unanieleza habari ya mvua! Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye jaruba, maji magotini, nikapiga yowe mpaka wenzangu wakadhani nimekanyaga nyoka.

Nisikilize. Njoo huku. Chumba kipo, ni kile cha magunia, tutayahamisha magunia. Najua utasema joto. Utasema mbu. Utasema maji ya mfereji yana rangi ya chai. Mimi nimeyanywa miaka thelathini sijafa, wewe unakunywa maji ya chemchemi na unakufa.

Na usinitajie kaburi. Yuliana alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mke wako, nani alikupeleka kwao siku ya kwanza kama si mimi? Angekukuta na hilo kopo lake la kakao limejaa dawa angekupiga nalo kichwani. Unalia kwamba unampenda, halafu unamfanya awe sababu ya kufa kwako. Mbona unamsingizia marehemu?

Nitanyamaza mpaka masika yaishe. Baada ya hapo siahidi kitu. Mimi si katekista.

Mdogo wako mwenye hasira,
Felista


Morogoro Mjini
19 Aprili 2024

Mzee Lukasi,

Shikamoo. Jana ulipotoka nilikaa na faili lako muda mrefu. 198 kwa 116. Dawa mbili, na inapanda! Nimekuongezea ya tatu, lakini nakwambia ukweli, siamini tena kwamba shida ni dawa.

Nadhani shida ni upweke. Nimezisoma barua zako zote nne. Zinachekesha, na kila moja inaishia chini ya mti wa peasi. Mzee wangu, mtu hawezi kuomboleza ndani ya nyumba tupu miezi minane, mwili ukanyamaza tu. Moyo usipolia, presha inalia kwa niaba yake. Ndiyo maana nasema namtibu mtu mzima, si namba.

Ulipokuwa unatolewa damu nilizungumza na shemeji yako Agustino pale nje. Ni mtu mzuri, anakujali. Akaniambia una dada Dakawa ambaye anakutaka kwake. Hilo mbona hukuniambia? Nimefurahi sana. Nimeandika ushauri rasmi, wenye mhuri wa kliniki, kwamba kwa afya yako uhamie kwa dada yako haraka iwezekanavyo. Nakala moja nimempa shemeji, ili familia ikusaidie kuhama. Karoti zitalimwa na wengine. Wewe tunakuhitaji mzima.

Mwanao,
Dkt. Hidaya


Mlimani
2 Mei 2024

Kwa Daktari Hidaya,

Salamu nyingi kutoka kwa ukoo.

Karatasi yako yenye mhuri tumeisoma kwenye kikao. Tunakushukuru. Lilikuwepo jambo lililotufunga mikono tangu mwaka jana, na neno lako limetufungua. Tumepanga tarehe 30 Juni, baada ya kuvuna. Nitamfikisha mwenyewe mpaka Dakawa, na mizigo yake, na gunia moja la karoti kwa dada yake.

Usidhani naona raha. Kusoma na kuandika hivi unavyoona nimefundishwa na Lukasi, nikiwa mtu mzima na watoto wawili. Lakini mimi ndiye mjomba, msemaji wa ukoo, na mjomba wa Kiluguru hana nafasi ya kupenda kwanza.

Wako,
Agustino


Mlimani
12 Mei 2024

Felista,

Daktari ananipenda, na hiyo ndiyo balaa yangu.

Miezi yote hii ugonjwa ulikuwa ukuta wangu. Nikiegemea ukuta, hakuna wa kunigusa. Sasa binti wa watu, kwa roho safi kabisa, kautoboa mlango! Kaandika na mhuri kwamba tiba yangu ni kuhama. Agustino kaisoma karatasi kwenye kikao, kisha akasema, "Hapa hatumfukuzi mgonjwa, tunamtibu." Wazee wakapumua. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikatamani kucheka. Tarehe 30 Juni. Hata karoti za mwisho nitamng'olea mtu mwingine.

Nilitaka kumwambia daktari ukweli. Nimeandika kurasa mbili, nikazichoma jikoni. Ningemwambiaje? Kwamba nimemchezea tangu Februari, yeye na maswali yake ishirini? Anayo yote: nakula nini, nalala saa ngapi, nasali wapi. Kila swali nimemjibu. Nimeona haya, Felista.

Nimewaza, nimepata njia. Kliniki yangu ni tarehe 13 Juni. Kuanzia Jumapili ya Pentekoste nitameza. Vyote vitatu, asubuhi na jioni, na vya kopo nitaongezea juu yake nifidie nilivyoruka. Akinikuta presha imeshuka nami nimeishi humu humu peke yangu, ataona kwamba nyumba hii hainiui, na karatasi yake ataifuta. Najua utakachosema. Utasema, nikiwa mzima Agustino atanitoa kwa sababu nimepona. Ni kweli. Hiyo ni vita ya Julai. Mtu aliyebanwa anapigana na mlango ulio karibu.

Lukasi


Dakawa
20 Mei 2024

Kwako Daktari Hidaya,

Hunijui. Mimi ni Felista, dada wa Mzee Lukasi wa Nyandira. Barua hii inaletwa na dereva wa lori la mpunga, nimemwambia aiweke mkononi mwako, si kwingine. Ningepiga simu, lakini namba yako sina, na jambo lenyewe si la kumwambia mtu wa mapokezi.

Kaka yangu hajameza kidonge hata kimoja tangu Desemba. Si ubishi wa mwili, ni ubishi wa kichwa. Nyumba anayolala ni ya ukoo wa mkewe, na walisema hawatamtoa akiwa mgonjwa, akipona ndipo aende. Basi akakataa kupona. Wewe uliposema ahame, ukawapa hati. Sikulaumu, hukujua. Mimi nilijua, nikanyamaza kwa sababu aliniomba, na kunyamaza huko kunanila ndani.

Jana ilikuwa Pentekoste. Ameniandikia kwamba kuanzia jana atameza dawa zote tatu kwa pamoja, na alizoficha juu yake. Barua yake imenifikia leo asubuhi. Daktari, mimi ni mkulima wa mpunga tu, lakini najua jaruba lililokauka halifunguliwi maji yote kwa mkupuo, kingo zinabomoka. Hili ni sawa au si sawa? Kama si sawa, fanya upesi.

Felista


Morogoro Mjini
21 Mei 2024

Mzee Lukasi,

USIMEZE VYOTE. Nimeandika kwa herufi kubwa ili ulisome hilo kwanza hata kama huna miwani. Meza kile cheupe kidogo peke yake, kimoja, asubuhi. Vingine mpe huyu kijana wa pikipiki anirudishie. Namba ya shemeji yako nimeipiga tangu jana jioni, haipatikani, na Jumatatu ya mama wa karoti siwezi kuisubiri.

Dada yako ameniambia. Usimkasirikie.

Mwili wako umezoea presha ya juu miezi mingi. Ukiishusha ghafla, ubongo unakosa damu. Na dozi hiyo si yako, mzee. Nilikuongezea dawa kwa kufuata namba za mtu ambaye hamezi, nikidhani anameza. Hizo ni dawa za mtu ambaye hayupo.

Nimefuta ule ushauri wangu. Nimemwandikia shemeji Agustino barua nyingine, ipo humu humu, yenye mhuri ule ule. Nimemweleza kweli tupu: ugonjwa huu hauponi. Unatulizwa tu, kila siku, mpaka mwisho wa maisha. Kama sharti lao ni kwamba mgonjwa hafukuzwi, basi wewe ni mgonjwa wao milele, hata siku utakapopanda matuta yote kumi na tisa bila kuhema. Hilo ningeliandika Februari kama ningejua. Ulikuwa huna haja ya kujificha, mzee wangu. Hukuwa na haja kabisa.

Nijibu kwa kijana huyu huyu. Neno moja linatosha.

Hidaya


Mlimani
27 Mei 2024

Shikamoo Daktari,

Naitwa Catherine. Mzee Lukasi ni baba yangu mkubwa, mume wa marehemu mama mkubwa Yuliana. Naomba radhi kwanza, barua yako nimeifungua mimi.

Kijana wako wa pikipiki tulikutana naye njiani Jumanne ile mchana. Yeye anapanda na barua, sisi tunashuka na machela. Baba mkubwa alikutwa asubuhi kwenye tuta la saba, amelala juu ya karoti, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia na mguu havisikii. Jembe lilikuwa bado mkononi, tukalitoa kidole kimoja kimoja. Tulimpeleka hospitali ya misheni, jana wameturuhusu kurudi naye. Wamesema ni kiharusi. Anaongea, ila maneno yanatoka yamechoka.

Niliingia ndani kumtafutia shuka, nikalikuta kopo la kakao mezani, wazi. Sikuelewa mpaka niliposoma barua yako.

Daktari, mimi ndiye Catherine niliyepewa nyumba. Nataka ujue jambo moja. Hakuna aliyeniuliza. Mjomba aliniita Oktoba akaniambia, "Nyumba ya mama yako mkubwa ni yako, Lukasi akipona ataondoka." Nikaitikia, maana mjomba akisema unaitikia. Moyoni nilidhani baba mkubwa mwenyewe ndiye anayetaka kwenda kwao. Nikaona labda nyumba inamuumiza, kwa kumbukumbu. Na yeye akadhani mimi ndiye ninayemsubiri atoke. Tulikuwa tunasalimiana kila Jumapili nje ya kanisa, ananiuliza habari za mchumba, namuuliza habari za presha. Mwezi hadi mwezi! Angeniuliza hata mara moja ningemwambia: baki, baba mkubwa, mimi karoti sizijui, nani atanifundisha?

Jana jioni ukoo ulikaa. Mjomba Agustino ameshika barua zako mbili, moja mkono huu, moja mkono huu, hajui aanzie ipi. Akasema tu, "Mgonjwa hafukuzwi." Nikasimama. Sijawahi kusimama kwenye kikao. Nikasema, mjomba, hata akipona asifukuzwe. Kama nyumba ni yangu, mimi nasema anakaa. Mjomba akanitazama, akasema, "Ni yako. Ukisema, umesema." Halafu akatoka nje, tukamsikia analia nyuma ya jiko.

Daktari, lilikuwa jambo la sentensi moja.

Catherine


Morogoro Mjini
1 Julai 2024

Mzee wangu Lukasi,

Shikamoo. Nilikuja Jumamosi nikakukuta umelala, nikakaa na wewe saa nzima, nikaondoka hujaamka. Sikutaka kukuamsha. Ukweli ni kwamba niliogopa uamke.

Nina la kukuambia. Nilijisifu kwako kwamba namtibu mtu mzima na nyumba anayolala. Nikakuuliza mambo ishirini, na ndani ya ishirini hayo yote nilikuwa nakitafuta ninachokitaka mimi: mgane mpweke, moyo unaolia. Nilipokipata nikapiga mhuri. Na shemeji yako nilimpa karatasi yako bila kukuuliza wewe mwenyewe, nikiita msaada. Uongo ulikuwa wako, sikatai. Lakini mtu hadanganyi hivi bila kuwa na anachokiogopa, na kazi yangu ilikuwa kuuliza anaogopa nini. Nisamehe.

Mkono ufanyie mazoezi niliyomwonyesha Catherine, mara tatu kwa siku, hata kama hauonyeshi dalili. Kuna watu mkono unarudi.

Karatasi yangu nimeichapa upya. Sasa ina maswali ishirini na moja, na kila mgonjwa wa mlimani anaulizwa hili la mwisho: nyumba unayolala ni ya nani, na ukipona nini kitatokea? Nimeona si haki kuwauliza wengine kabla yako. Ukipata nguvu, nijibu.

Hidaya


Mlimani
25 Julai 2024

Daktari mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa kushoto. Barua hii nimeianza Jumatatu, leo Alhamisi, kwa hiyo usidai urefu.

Felista amekuja, kaacha mpunga wake. Ananitukana kutwa. Dawa ananipa mwenyewe, kisha ananikagua chini ya ulimi kama mwizi. Kopo la kakao sasa lina kakao.

Agustino anapalilia. Anang'oa karoti anaacha magugu, namkaripia kutoka dirishani, hanielewi ninachosema. Catherine anajifunza haraka. Wananibeba mpaka chini ya mti wa peasi jioni, wananiacha na Yuliana kidogo. Nimemweleza yote. Nadhani Felista alisema kweli, angenipiga kichwani.

Nimekusamehe. Nawe unisamehe.

Swali lako la ishirini na moja. Ningelipata Februari, ningekujibu kwa mkono mzima. Nakujibu sasa. Nyumba ni ya Catherine. Nikipona, nabaki. Wote wamesema, hata Agustino, na Jumapili ukoo mzima umenitolea misa nipone.

Sasa nimeruhusiwa kupona, daktari, na mkono hautaki.

Lukasi